Mpeni Mhadhiri Semesta Moja: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, wenyeviti na wajumbe wa mabaraza, na wajumbe wa seneti za vyuo vikuu na vyuo vishiriki vilivyoko Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa wahadhiri wa fasihi, historia, muziki, sanaa za maonyesho, sosholojia na baiolojia. Kazi yetu ya kwanza ni kufundisha shahada ya kwanza, na hatuombi iwe vinginevyo. Lakini kanuni za kupanda cheo zinadai machapisho, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika tasnifu anastahili msimamizi ambaye naye yumo uwandani. Madai hayo yameandikwa vizuri kwenye miongozo. Nyenzo za kuyatimiza hazijapangwa. Tunaomba kueleza, kwa hesabu na kwa hatua, jinsi chuo kinavyoweza kuzipanga kwa uwezo wake chenyewe, bila kungoja mfadhili.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo tafiti nyingi zinapofia. Chukueni mhadhiri mwenye kozi tatu kwa semesta, moja ikiwa kozi ya lazima yenye wanafunzi 250, majaribio mawili na mtihani wa mwisho. Akitumia dakika 10 kwa kila jaribio na dakika 15 kwa karatasi ya mtihani, kila mwanafunzi anamgharimu dakika 35. Darasa zima ni takriban saa 146. Hizo ni zaidi ya wiki tatu na nusu za kazi, ndani ya semesta ya wiki 15, kabla hajagusa kozi mbili zilizobaki, kusimamia tasnifu au kukaa kwenye kamati. Kinachosalia ni jioni na Jumamosi. Jioni inatosha kusoma makala. Haitoshi kuchambua takwimu za mwaka mzima, wala kuandika onyesho la pili la tamthilia ambayo onyesho lake la kwanza liliandikwa miezi mitatu nyuma na mwandishi ameshasahau sauti za wahusika wake.

Fedha haiponyi tatizo hilo. Mhadhiri aliyepewa ruzuku bila muda hurudisha sehemu ya fedha mwisho wa mwaka, kisha kamati huhitimisha kwamba wahadhiri hawana haja ya fedha za utafiti. Hitimisho hilo si sahihi, na limefunga mifuko mingi.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni dogo: majaribio ya madarasa makubwa yasahihishwe na wakufunzi wasaidizi wanaolipwa kwa karatasi, kwa mwongozo wa majibu uliotungwa na mhadhiri, naye apitie upya karatasi moja katika kila kumi kabla alama hazijatangazwa. Kwa darasa la mfano wetu, zinapatikana takriban saa 75. Mtihani wa mwisho abaki nao mwenyewe.

La pili ndilo kiini cha barua hii: zamu ya semesta ya utafiti. Idara yenye wahadhiri wanane, kwa semesta mbili za mwaka, inaweza kumwachia mmoja wao kila semesta na kumaliza mzunguko ndani ya miaka minne. Swali la kwanza huwa ni nani atabeba kozi zake tatu. Katika ratiba nyingi, angalau kozi moja kati ya tatu ni ya hiari na inaweza kutolewa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata, mradi wanafunzi waambiwe tangu mwaka wa kwanza. Nyingine mara nyingi ina mikondo miwili inayoweza kuunganishwa kwa mihadhara na kutenganishwa kwa semina. Inabaki kozi moja ya kulipia mwalimu wa muda. Hiyo ndiyo gharama halisi ya zamu, na mkuu wa idara anaweza kuikokotoa kwenye kikao kimoja akiwa na ratiba ya miaka miwili mezani.

Zamu hufa kwa njia mbili. Aliyepewa semesta anabaki mjumbe wa kamati zote, na kufikia wiki ya nne amerudi ofisini kila siku. Kwa hiyo barua ya zamu itamke wazi kwamba amepumzishwa kamati na usimamizi wa mitihani, isipokuwa tasnifu alizokwisha kuanza kusimamia. Njia nyingine ni zamu kutolewa kwa ukubwa wa cheo, wakubwa wakiichukua mara mbili huku mhadhiri msaidizi akisubiri. Orodha ibandikwe ukutani kwa miaka minne yote, na anayetaka kubadilishana na mwenzake aandike.

Utaratibu huu si mgeni duniani. Harvard ilianza likizo ya utafiti ya kila mwaka wa saba mnamo 1880. Vyuo vidogo vya Marekani vilivyojikita katika shahada ya kwanza, kama Williams na Pomona, navyo vina likizo za aina hiyo kwa walimu wao, na vimejenga mazoea ya kumtumia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama msaidizi halisi wa utafiti. Vina fedha nyingi kuliko sisi, hilo hatulifichi. Lakini kupanga zamu ni kazi ya ratiba, na ratiba tunazo.

Semesta ya zamu ichaguliwe kwa msimu wa kazi yenyewe. Mtu wa muziki na fasihi simulizi anaihitaji semesta ya pili, kwa sababu mbina, yaani ngoma za Usukumani, hushamiri baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi wengine tumezama kwenye mitihani. Bulabo ya Bujora, tamasha la ngoma la kule Kisesa, nayo huangukia Juni. Mtafiti wa bugobogobo, ngoma ya majembe, au wa mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, akipewa semesta ya Oktoba atawakuta wachezaji wakitumia majembe kulimia, na atabaki na mahojiano bila ngoma yenyewe. Mwenye kuchunguza kilimo cha pamba au mpunga ana kalenda nyingine.

Anayechunguza uvuvi wa dagaa ana kalenda ngumu kuliko wote. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukipevuka, nuru ya taa haiwavuti tena, mitumbwi hupandishwa ufukweni, na wavuvi wengi huondoka mwaloni, yaani kwenye kituo cha kushushia samaki, kwa siku kadhaa. Mtafiti aliyeidhinishiwa fedha kwa ajili ya giza fulani, kisha hundi ikachelewa siku 12, hajapoteza siku 12. Amepoteza giza zima, na lijalo liko karibu mwezi mmoja mbele, pengine katikati ya wiki ya mitihani. Wahasibu wetu ni watu waangalifu. Tunaamini wakiiona kalenda ya mwezi kwenye ombi la masurufu watalipanga mapema. Kwa hiyo fomu ya maombi iwe na mstari mmoja wa lazima: tarehe ambayo ikipita, fedha haina maana tena, na sababu yake.

Sasa fedha zenyewe. Tunapendekeza mfuko wa ndani wa shilingi milioni 40 kwa mwaka kwa chuo chenye wanafunzi 2,000. Hiyo ni shilingi 20,000 zinazotengwa kutoka ada ya kila mwanafunzi, bila kuongeza ada. Ikiwa ada ni shilingi 1,300,000, sehemu hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Milioni 25 zigawanywe kwa ruzuku kumi za milioni mbili na nusu, milioni kumi kwa ruzuku mbili za milioni tano kwa kazi za pamoja za idara mbili au zaidi, na milioni tano zibaki kwa uhariri, tafsiri na uchapishaji. Tunapenda ruzuku nyingi ndogo kuliko moja kubwa. Katika sanaa na sayansi za jamii, milioni mbili na nusu iliyofika kwa wakati inatosha nauli, posho ya kujikimu ya wiki mbili au tatu, malipo ya wanakili (wanaoandika yaliyomo kwenye rekodi za sauti) na nakala za kurudisha kijijini. Kinachokosekana huwa ni kufika kwa wakati.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mwito utangazwe Februari, maombi ya kurasa zisizozidi nne yafungwe katikati ya Machi, maamuzi yatoke kabla ya Aprili kwisha, mikataba isainiwe Mei, na asilimia 60 iingie wiki ya kwanza ya Julai. Asilimia 30 ifuate baada ya ripoti ya kurasa mbili, na kumi ya mwisho baada ya data kukabidhiwa maktaba na mswada kuonekana. Salio lisinyang'anywe Juni 30. Fedha inayofutwa siku hiyo humsukuma mtu kununua kompyuta mpakato asiyoihitaji mwezi Juni, badala ya kuilinda kwa safari ya Agosti. Ruhusuni salio livuke miezi 12 kwa barua ya mratibu wa utafiti.

Jambo linalokwamisha zaidi ya yote, na ambalo halihitaji hata senti, ni risiti. Mwongozo wa urejeshaji masurufu hudai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) kwa kila malipo. Mwenye mtumbwi wa mwalo wa Ukerewe hana mashine hiyo, bibi aliyekaa saa tatu akifafanua majina ya sifa hana, na kijana aliyebeba ngoma kwa boda hana. Mhadhiri anaporudi bila risiti, masurufu yanahesabiwa hayajarejeshwa, mshahara unakatwa, na mwaka ujao haombi tena. Wengine hutafuta risiti ya duka lisilohusika, na hapo chuo kimewafundisha watu wake kudanganya. Suluhisho ni fomu ya malipo ya uwandani: jina la aliyelipwa, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe, sahihi au dole gumba, na sahihi ya shahidi mmoja, awe mtendaji wa kijiji au kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwalo). Wekeni ukomo, tuseme shilingi 100,000 kwa malipo mamoja, na jumla isizidi robo ya ruzuku. Kitu kinachonunuliwa mjini kiendelee kudai EFD.

Anayekodi mtumbwi atoe hesabu ya mafuta kwa lita badala ya kiasi cha jumla. Injini ya mtumbwi ya nguvu farasi 15, ya mipigo miwili, ikienda mwendo kamili hunywa lita sita hadi saba kwa saa, na hutaka oili kwa uwiano unaotajwa na mtengenezaji, mara nyingi mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Mkaguzi akijua hivyo, anaweza kuona mara moja kama lita 60 kwa safari ya saa nne kwenda na kurudi zina maelezo. Na jaketi okozi kwa kila aliyemo ziwe kwenye bajeti, siyo hiari ya mtafiti. Msimu wa upepo wa kusi ziwa letu halina huruma.

Ununuzi wa vifaa una mitego yake. Vyuo vya umma hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, vya binafsi vina kamati zao za zabuni, na kote kuna hatari ileile ya kubadilisha kitu kwa kingine cha bei nafuu. Mtaalamu wa furu akiagiza ethanoli ya asilimia 95 kwa sampuli za DNA, halafu akaletewa fomalini, sampuli zote zimekwisha: fomalini huhifadhi umbo la samaki lakini huharibu DNA yake. Vivyo hivyo kwa kinasa sauti kisicho na tundu la maikrofoni ya nje, au maikrofoni isiyo na kinga ya manyoya, ambayo ufukweni itarekodi upepo peke yake. Ofisi ya ununuzi isibadilishe maelezo ya kifaa bila sahihi ya mtafiti.

Kuhusu vibali tutasema machache. Barua ya utambulisho ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, halmashauri, kata, hadi kijiji. Mara nyingi hukwama kwa kuwa imetaja wilaya moja ilhali kazi inavuka mpaka. Anayefuata ukingo wa ziwa kutoka Magu akaingia Busega ameshafika Simiyu, na akivuka kuelekea magharibi atakuwa Geita. Mikoa hiyo miwili imejitegemea tangu 2012 na kila mmoja unataka barua yake. Ofisi ya utafiti iandae barua zote kwa mara moja. Kwa tafiti zinazogusa afya, maombi ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) yaanze mapema kabisa. Kwa zile nyingine, kamati ya maadili ya chuo ikutane kila mwezi na kujibu ndani ya siku 21.

Turudi kwenye rekodi, kwa kuwa hapa mwambao una hazina ambayo hakuna chuo cha mbali kitakachoitunza kwa niaba yetu. Mengi yaliyokusanywa na mtafiti Hans Cory kuhusu Wasukuma enzi za ukoloni yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Tusiruhusu kinachokusanywa sasa kipotee ndani ya simu iliyozama ziwani. Rekodi ya sauti ya ubora wa kutosha, kilohezi 48 kwa biti 24, njia mbili, inachukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Saa 100 za ngoma, nyimbo na masimulizi zinaingia kwenye diski moja ndogo na nafasi ikabaki. Chuo kinunue diski mbili za aina tofauti, moja ikae maktaba na nyingine jengo jingine, na nakala ya tatu iwe kwenye seva. Kila faili liwe na jina lenye tarehe, kijiji na namba, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa siku ileile. Faili linaloitwa "ngoma mpya 2" halina thamani baada ya miaka mitatu. Kwa kuwa sauti na majina ya watu ni taarifa binafsi, fomu ya ridhaa izingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isomwe kwa lugha ya msimuliaji, na ieleze nani ataruhusiwa kusikiliza.

Kunakili ndiko kunakomeza fedha. Saa moja ya mazungumzo safi ya watu wawili humchukua mnakili mzoefu saa nne hadi sita. Wimbo wenye kiongozi, waitikiaji na ngoma huchukua zaidi ya hapo, na tafsiri bado. Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili na wa tatu wanaozungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita wanaifanya kazi hii vizuri wakifundishwa. Walipwe kwa dakika ya rekodi, nusu wakikabidhi rasimu na nusu baada ya rasimu kulinganishwa na sauti. Anayelipwa kwa siku hana sababu ya kurudia sehemu ngumu. Makosa yao yanatabirika. Wananyoosha maneno yafanane na Kiswahili, wanaruka marudio kwa kuyaona hayana kazi, na wanaacha vibwagizo na majina ya sifa. Zaidi ya hayo, Kisukuma kina irabu saba, na herufi tano za Kiswahili hazizitoshi. Timu isipokubaliana alama za irabu mbili zilizobaki siku ya kwanza, mnakili wa Kwimba na wa Magu wataandika neno moja kwa namna mbili, na faharasa nzima itavurugika.

Kazi za ubunifu zinahitaji aya yake. Mizani ya kupanda cheo mara nyingi inajua kupima makala, lakini mbele ya tamthilia, albamu, maonyesho ya picha au tafsiri ya riwaya inasitasita, na mwisho inazipa alama za huruma. Tunaomba utaratibu huu: msanii akabidhi jalada lenye mswada wa mwisho au noti za muziki, rekodi ya onyesho zima, programu iliyogawiwa watazamaji, na maelezo ya kurasa tano hadi nane yanayoonyesha swali la kisanaa alilolichunguza na alivyolijibu. Jalada lisomwe na wahakiki watatu, wawili kutoka nje ya chuo. Kazi ya urefu kamili iliyopita tathmini hiyo ihesabiwe sawa na makala iliyopitiwa. Idadi ya waliotazama mtandaoni isiwe kipimo. Kumbi nazo: tengeni jioni nane kila semesta kwenye kalenda ya seneti kwa mazoezi na maonyesho, zisikodishwe kwa harusi wala semina hata mteja akilipa vizuri. Kabla ya onyesho la kwanza, mkataba wa ukurasa mmoja utamke kwamba hakimiliki ni ya mtunzi, chuo kina haki ya kutumia kazi kufundishia, na wazee ambao nyimbo zao zimetumika wametajwa na kulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) wanaweza kuwaongoza wanasheria wa chuo.

Mwisho, uchapishaji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kazi ilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuibeba kutoka mezani hadi kiwandani. Ndiyo sababu tumeomba milioni tano za uhariri na tafsiri. Majarida mengi ya nje hutoza ada ya mamia hadi maelfu ya dola kwa makala iliyo wazi kwa wote. Wachapishaji wengi wakubwa huifuta au kuipunguza kwa waandishi wa nchi kama Tanzania, lakini kwa kawaida ni lazima msamaha uombwe wakati wa kuwasilisha mswada. Anayengoja hadi makala ikubaliwe hupata bili. Mkutubi mmoja apewe jukumu la kukagua kila jarida kabla mswada haujatumwa: je, limo kwenye DOAJ au AJOL, orodha za mtandaoni za majarida ya kitaaluma, wahariri wake wanajulikana, linaahidi kukubali ndani ya siku tatu? Jarida la ahadi hiyo ni la kitapeli, na alama zake zisihesabiwe. Mkutubi huyohuyo ahakikishe majarida tunayoyapata kupitia COTUL (umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania) na Research4Life (mpango wa kimataifa wa majarida kwa nchi zenye kipato cha chini) yanafunguka hata mhadhiri akiwa nyumbani Buswelu au kisiwani, maana usomaji mwingi hufanyika nje ya saa za ofisi.

Waheshimiwa, tunaomba mambo matatu yaingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha seneti na kile cha baraza kitakachofuata: orodha ya zamu ya semesta ya utafiti kwa kila idara, fomu ya malipo ya uwandani, na kifungu cha mfuko wa ndani katika bajeti inayoanza Julai. Fomu inaweza kuanza kutumika hata wiki hii kwa waraka wa mkuu wa fedha. Rasimu yake, pamoja na mfano wa ratiba ya miaka miwili kwa idara yenye wahadhiri wanane, tumeziandaa na ziko tayari kuwasilishwa kwa mratibu wa utafiti wa chuo chochote kitakachozihitaji.

Wenu katika kazi,

Wahadhiri wa fasihi, historia, muziki na sanaa za maonyesho, sosholojia na baiolojia
Mwanza